Feynan: nyumba ya wageni inayowashwa kwa mishumaa

Juma hili tunawapeleka mbali, katika jangwa la Yordani, mahali panapoitwa Feynan. Tulifika huko tukiwa wamama sita wa msafara wa hija, tukitoka mlima Nebo, ambako Musa alionyeshwa nchi ya ahadi. Kitabu cha Hesabu, sura ya 33, kinasema Waisraeli walipiga kambi Punoni, na wataalamu wengi wanaona kwamba Punoni ndiyo Feynan ya leo. Ndiyo sababu tuliomba tulale huko usiku mbili.

Basi haliwezi kufika mpaka mlangoni. Linaacha wageni kwenye kituo kidogo, halafu Wabedui wa hapo wanawachukua kwa magari yao wenyewe, katika njia ya mawe na mchanga. Madereva wanapokezana zamu, leo huyu na kesho mwenzake, ili kila nyumba ipate kitu.

Nyumba yenyewe ilifunguliwa mwaka 2005. Iko upande wa magharibi wa hifadhi ya Dana, iliyoanzishwa mwaka 1989 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 300. Ilijengwa na shirika la Yordani linalolinda mazingira, na aliyeichora ni Ammar Khammash, mtu wa nchi hiyo hiyo. Ina vyumba 26. Kuta zake ni nene na zina rangi ya udongo, hata ukiwa mbali unadhani ni sehemu ya mlima. Kwa sababu ya unene huo, chumba kinabaki baridi mchana bila mashine yoyote.

Hakuna waya wa umeme unaofika pale. Sahani za jua zinatoa umeme kidogo kwa jikoni, ofisi na bafu, na jua hilo hilo linapasha maji moto. Vyumbani na mezani ni mishumaa tu. Jua likizama, kila pembe ya ukuta inawashwa mshumaa wake, na nyumba nzima inakuwa kama kanisa usiku wa Pasaka. Maji ya kunywa yanawekwa katika mitungi ya udongo, si katika chupa za plastiki. Chakula hakina nyama. Mama mmoja kati yetu aliuliza mara mbili nyama iko wapi. Baadaye alionja mbilingani na dengu, akanyamaza, akaongeza sahani.

Tuliuliza mishumaa inatoka wapi. Tukaonyeshwa chumba cha kazi hapo hapo, ambamo wamama wa Feynan wanaitengeneza kwa mikono. Wengine wanashona vitu vya ngozi. Mkate wa mezani unapikwa na mama Mbedui wa jirani, na nyumba inamlipa. Zamani familia hizi ziliishi kwa mbuzi peke yake, na mbuzi wakizidi wanamaliza majani ya jangwa. Sasa mama akipata pesa ya mshumaa au ya mkate, hana haja ya kuongeza kundi. Hivyo mlima unapumzika, na mtoto ananunuliwa daftari.

Asubuhi ya pili tulitembea karibu na nyumba, na hapo sisi watu wa Katanga tulishtuka. Chini kulikuwa na mawe ya kijani, yale yale watoto wanayookota Kolwezi na Likasi. Kulikuwa pia na vilima vyeusi vya takataka za shaba iliyoyeyushwa. Shaba ilichimbwa Feynan miaka elfu nyingi mbele ya Kristo, na Waroma wakaendelea. Wakati wa mateso makubwa, mwanzoni mwa karne ya 4, Wakristo walihukumiwa kwenda kufanya kazi katika mashimo hayo. Silvano, askofu wa Gaza, aliuawa huko pamoja na wenzake 39. Tulisimama tukasali.

Kuyeyusha shaba kunataka makala mengi, na makala ni miti. Leo ukiangalia mabonde yale, miti ni ya kuhesabu. Wataalamu waliopima udongo wamekuta kwamba sumu ya shaba na ya madini ya risasi ingali ndani yake, hata baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Wamama, shimo linafungwa, wenye kampuni wanaenda zao, lakini udongo unabaki na wenye kulima.

Na habari haijaisha. Mwezi wa nane mwaka 2021, serikali ya Yordani ilitaka kukata sehemu ya hifadhi ya Dana ili shaba ichimbwe tena. Shirika linaloilinda lilikataa wazi, na wananchi wengi wakapaza sauti pamoja nalo. Kila upande ulikuwa na neno lake: vijana wanataka kazi, na nchi inataka pesa. Sisi tunaoishi juu ya shaba hatuwezi kusema kazi ya mgodi ni bure. Wengi wetu tulisomeshwa nayo. Lakini Feynan tuliona kazi ya namna nyingine, ambayo haiachi shimo.

Bei ya nyumba kama hiyo si ya mfuko wa mwalimu. Basi tusiige nyumba, tuige mpango wake. Katika miji yetu kuna nyumba za wageni, parokia na mashule. Nani anawauzia mkate, sabuni, mishumaa? Mara nyingi vinatoka ng'ambo ya mpaka, na sisi tuna mikono. Kikundi cha likelemba chenye wamama kumi kinaweza kwenda pamoja kwa mwenye nyumba ya wageni mmoja na kumwomba jambo moja tu: atununulie sisi, kila juma, kwa zamu, kama wale madereva. Tena kila anayepika kwa makala apande miti michache katika lupango yake. Mkutano ujao, kila kikundi kije na jina la mnunuzi mmoja ambaye kimekwisha kuongea naye.