Urafiki wa Wenzi wa Masomo

Kusoma pamoja ni jambo la miaka michache. Kujuana baada ya kusoma ni jambo la umri mzima. Hilo la kwanza hupangwa na walimu, ratiba na kengele. La pili halina mwalimu wala kengele, na kwa sababu hiyo watu wengi hulianza kwa ahadi kubwa wakalimaliza kwa kimya. Wewe, msomaji, uketiye leo katika dawati moja na mwenzi ambaye siri yake unaijua na kalamu yake unaiazima, yamkini unadhani kuwa urafiki wenu hauwezi kufa. Nataka kukueleza jinsi urafiki wa namna hiyo unavyokufa, na jinsi unavyoweza kuishi.

Watu wa nchi hii ya magharibi mwa Kenya walilijua jambo hili kabla ya shule kujengwa. Kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na waliotahiriwa pamoja huitana bakoki. Juu ya hao kuna marika makubwa manane: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Majina hayo huzunguka kama gurudumu, na jina lililopita hurudi baada ya karne moja hivi. Tena mengi yake yanafanana na majina ya marika ya Wasabaoti na Wanandi, ishara ya kwamba majirani hawa walikaa pamoja na kuchukuliana desturi tangu zamani.

Tazama sasa tofauti. Rika la jadi lilikuwa na jina, na pamoja na jina lilikuwa na wajibu. Mtu hakuuliza kama angependa kumkaribisha mwenzi wa rika lake au kusimama naye katika msiba. Alizaliwa katika desturi hiyo akaikuta inamngoja. Shule ilipokuja iliwatoa watoto katika rika hilo ikawapa rika jingine liitwalo darasa. Iliwapa jina na mwaka, walakini haikuwapa wajibu. Wajibu wa darasa haukuachwa na wazee; sharti tuufanye sisi wenyewe.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa jambo hili. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua kuwa chuo kilichokusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Julius Nyerere alisoma hapo toka 1943 hata 1945. Mwai Kibaki alimaliza mwaka 1955. Benjamin Mkapa mwaka 1962. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 vikatengana tena, kila nchi na chuo chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Watu waliokula meza moja walijikuta wametengwa kwa lango. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999, marais watatu walitia sahihi: Moi, Mkapa na Museveni. Mkapa alikuwa amesoma Makerere, na Museveni Dar es Salaam. Sisemi kuwa urafiki wa chuo ndio uliofufua jumuiya, maana mambo ya mataifa yana sababu nyingi. Nasema tu kuwa aliyewahi kusoma pamoja na watoto wa jirani hupata taabu kuamini kwamba jirani ni mgeni.

Lakini mifano ya marais iko juu mno kwako na kwangu. Niruhusu nishuke mpaka kwa watu wa kawaida, ambao habari yao naijua kwa kuwa ni yangu.

Mimi nilimaliza masomo Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1978. Tulikuwa tisa, wanawake wawili na wanaume saba, tuliotoka upande wa Kitale na Bungoma tukazoeana sana. Likizo zilipofika tulipanda pamoja gari la moshi la kwenda Malaba. Wenye kwenda Kitale walishuka Eldoret wakatafuta basi. Wengine tuliendelea hata Bungoma, na tangu Eldoret behewa letu lilikuwa kimya kana kwamba limefiwa. Siku ya kuhitimu tuliapa kuandikiana kila mwezi. Mwaka wa kwanza tulitimiza. Mwaka wa pili barua zikawa za sikukuu. Mwaka wa tano hazikuwapo. Hapakuwa na ugomvi wala kuchukiana. Palikuwa na kazi, ndoa, watoto na mashamba. Ndivyo urafiki mwingi unavyokufa, msomaji: hauuawi, husahauliwa tu.

Mwaka 1989 mmoja wetu alifariki, tukamzika karibu na Webuye. Baada ya mazishi wanane tuliobaki tulisimama chini ya mwembe tukiulizana habari kama wasafiri waliokutana kituoni. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha Kimilili, aliposema, "Ndugu zangu, tumekuwa undugu wa nazi, hukutania chunguni. Je, tungoje chungu cha pili?" Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa wajane na yatima walikuwa hatua chache kutoka tulipo.

Siku hiyo tuliweka mambo matatu. La kwanza, tukutane kila Desemba mavuno ya mahindi yakiisha kuingia ghalani: mwaka mmoja Kitale, mwaka wa pili Bungoma, ili pasiwe na upande unaosafiri daima na upande unaongoja daima. La pili, kila mtu atoe kiasi kilichopangwa kwa ajili ya karo ya watoto wawili wa marehemu. La tatu, mgonjwa atazamwe akiwa hai, asingojewe kusifiwa kaburini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka miaka ya 1990, wakati watumishi wengi wa serikali walipopunguzwa kazini. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwao. Mwaka wa kwanza hakutoa mchango. Mwaka wa pili hakutoa wala hakuja. Mwaka wa tatu hata salamu zake hazikufika. Katika mkutano wa Kitale mtunza fedha alitaka jina lake lifutwe. Usimdhanie kuwa alikuwa mtu mbaya. Alisema, "Fedha hizi si zetu, ni za yatima. Tukimsamehe mmoja leo, kesho watasamehewa watatu, na mtoto atafukuzwa shule kwa ajili ya huruma yetu." Maneno yake yalikuwa na uzito, na wengi tulinyamaza.

Bwana mmoja wa kilimo, ambaye hakuwa msemaji mkubwa, alijibu, "Ndugu zangu, tulipoandika sharti hili tuliandika habari ya mtu asiyetaka kutoa. Hatukuandika habari ya mtu asiye na cha kutoa. Watu hao wawili hawafanani, na sharti moja haliwezi kuwahukumu wote."

Tulijadiliana hata jua likatua nyuma ya Mlima Elgon. Mwisho tukakubali kuwa kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, na asiye na fedha atoe mahindi au kazi. Wawili walitumwa kumtafuta mwenzetu. Walimkuta karibu na Chwele akipalilia vitunguu. Alipoulizwa sababu ya kujitenga alisema, "Niliona haya kula chakula ambacho sikukichangia." Wakamweleza kuwa mchango wake ulikuwa ukimngoja: watoto wa marehemu walisoma shule iliyo jirani naye, wala hapakuwa na mtu wa kwenda kuwatazama. Alikubali. Muhula ule ule aligundua kuwa kijana mkubwa alikuwa akitoroka masomo na kushinda sokoni. Sisi tuliolipa karo hatukujua neno. Alimrudisha darasani, akamfuatia wiki kwa wiki mpaka alipomaliza. Fedha zetu zilinunua nafasi ya shule. Kijana mwenyewe aliokolewa na mtu ambaye tulikaribia kumfuta kwa kukosa fedha.

Kwa hiyo jihadhari, msomaji. Adui wa wenzi wa masomo si umbali. Kitale na Bungoma zilikuwa mahali pake miaka yote, na barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye haikurefuka. Adui ni haya ya aliyeanguka na majivuno ya aliyeinuka. Mmoja huona hastahili kuja, na mwingine huona hana haja ya kumwita. Jumuiya ambayo aliyefilisika hawezi kuketi ndani yake bila kuinamisha kichwa ni soko lenye jina la urafiki.

Kuna hatari ya pili, kinyume cha ile ya kwanza. Wenzi wanaopendana mno waweza kugeuka kuwa genge la kupeana vyeo. Mmoja wetu alipata kuwa na sauti katika kuajiri watu, na mwingine akamwomba amwingize mwanawe. Alikataa, akasema mtoto ashindane na wenziwe. Desemba ile wawili hao hawakuketi karibu. Desemba iliyofuata waliketi. Nakuomba ukumbuke jambo hilo: kilicho chako mpe rafiki, lakini haki ya mtu mwingine si yako kuigawa.

Siku hizi simu imerahisisha mambo. Salamu moja huwafikia watu mia kabla chai haijapoa, nami naishukuru. Hata hivyo sauti hufika mahali ambapo mkono haufiki. Mgonjwa aliyetumiwa maneno mia ya pole bado huhitaji mtu mmoja wa kumpelekea uji.

Katika sisi tisa tumebaki watano, na bado Desemba hutukuta pamoja. Yatima wale wawili sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Utakapoondoka shuleni, basi, usiwaahidi wenzio kuwa hutawasahau. Kila mtu huahidi hivyo. Chagueni kazi moja ndogo mtakayoifanya pamoja, siku moja ya kukutana, na mtu mmoja wa kuwaita wengine. Asiyekuja mara mbili, nendeni mkamwone kabla hamjamhukumu. Udugu ni kufaana, si kufanana. Na darasa ambalo watu wake hufaana halimalizi masomo siku ya mtihani.