Alama ya Safari Isiyokuwapo

Kampuni ya kubuni ya kupeleka abiria angani huanza kwa alama, maana haina chombo wala nauli ya kuonyesha. Nami nikishika kalamu kuchora alama ya namna hiyo, hukumbuka filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey. Chombo chake hakikupambwa kwa nyota wala ndimi za moto, mapambo ambayo wanafunzi wangu huyakimbilia. Kilitiwa jina la Pan Am, shirika la ndege la Marekani ambalo wasafiri wa siku zile walilijua kwa tufe lake la buluu. Ajabu ikavikwa nguo ya mazoea, na mtazamaji akasadiki. Hila hiyo naistahi.

Lakini shirika lenyewe nalo liliandikisha watu kwa safari za mwezini, bila malipo. Zaidi ya 90,000 walijiandikisha, wakapewa kadi zenye nambari, mpaka orodha ikafungwa mwaka 1971. Je, mchoraji ana haki gani ya kusadikisha kiasi hicho? Hapo kalamu yangu husita. Pan Am ilikufa mwaka 1991. Kadi zake sasa zi mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale.