Kuchapisha kwa Amri: Kumbukumbu ya Kifurushi Kimoja

Makala haya hayaleti nadharia mpya ya fonolojia ya Kiswahili. Yanaeleza jambo lililonipata mwaka 2024 nilipochapisha kazi ndogo ya kiisimu kwa njia ambayo wengi wa rika langu hawakulelewa nayo, na nimeona ni vema niyaweke mbele ya wenzangu, hasa wanafunzi wa uzamili ambao sasa wanaitumia njia hiyo kuliko sisi walimu wao.

Kwa muda mrefu nimefundisha kugawa maneno ya Kiswahili katika silabi, na kila mwaka neno linalozua ubishi darasani ni mbuni. Iwapo ni ndege, neno lina silabi mbili, mbu-ni, kwa kuwa nazali imeungana na konsonanti inayoifuata. Iwapo ni mti wa kahawa, au ni mtu abuniye, lina silabi tatu, m-bu-ni, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake. Maandishi hayatofautishi. Mbwa nalo lina lake: ni neno la ngeli moja na yule ndege, lakini m yake ni silabi kamili, kwa sababu shina ni fupi na mkazo, unaotaka silabi ya pili kutoka mwisho, hauna pengine pa kukaa. Ndivyo ilivyo pia kwa nchi na nne. Kanuni hizi niliziandika kwanza ubaoni, kisha katika kijitabu cha darasani, na mwishowe, baada ya kujifunza lugha ya Python ukubwani, tena kutoka kwa wanafunzi wangu, katika programu.

Programu ilipoanza kuombwa na watu nisiowajua, nilishauriwa niipeleke PyPI. Hiyo ni sajili na ghala kwa pamoja: ilianza mwaka 2003, na ndiko watumiaji wa Python duniani wanakochukua vifurushi vya programu kwa kuandika amri moja tu. Perl ilikuwa na ghala la namna hiyo, CPAN, tangu mwaka 1995, na watumiaji wa JavaScript walipata npm mwaka 2010. Mimi niliyezoea kusubiri maoni ya wasomaji wawili wasiojulikana, kisha mhariri, kisha mpiga chapa, nilishangaa kuambiwa kwamba huko hakuna hata mmoja wa hao. Mashine hukagua jina na namba ya toleo, na kwamba faili limeundwa ipasavyo. Haisomi yaliyomo kama asomavyo mhariri.

Hata hivyo, kuhusu majina mashine ile ni kali kuliko wahariri wengi niliowahi kushughulika nao. Silabi-za-Kiswahili, silabi_za_kiswahili na silabi.za.kiswahili kwake ni jina moja: herufi kubwa hupuuzwa, na kistari, mstari wa chini na nukta huhesabiwa alama moja. Laiti watunga istilahi wetu wangekuwa na sajili ya namna hiyo, huenda tusingebaki na kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa pamoja. Lakini hayo si ya leo.

Kazi yenyewe hufanywa katika dirisha jeusi la amri. Baada ya kuandika jina, toleo na maelezo mafupi katika faili liitwalo pyproject.toml, huandikwa mistari mitatu:

python -m build
twine check dist/*
twine upload dist/*

Wa kwanza huunda vifurushi viwili, kimoja kilicho tayari kusimikwa na kingine cha chanzo. Wa pili hukagua kama maelezo yataonekana sawasawa. Wa tatu hupeleka. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mwenye akaunti hana budi kuthibitisha utambulisho wake kwa njia mbili, na wakati wa kupeleka hudaiwa msimbo mrefu wa siri. Nilipoubandika, sikuona hata herufi moja kwenye kioo, nikadhani kibodi imekufa. Kumbe ndivyo ilivyokusudiwa. Nilikuwa nimefanya majaribio kwanza katika TestPyPI, ghala la mazoezi lililo mbali na lile la kweli, na nikakifungua kile kifurushi cha kusimikwa nikakuta kila kitu kiko sawa. Nikabonyeza kitufe. Kwa muda usiozidi nusu dakika nilikuwa nimechapisha toleo 0.1.0.

Siku ileile mwenzangu mmoja aliniletea kosa: ng'ombe lilikuwa likigawanywa vibaya. Programu ilitambua kibainishi kilichonyooka cha kibodi, lakini haikutambua kile kilichopinda ambacho programu za uandishi hukiweka zenyewe. Nilisahihisha, nikajaribu kupeleka tena, na ghala likakataa. Jina la faili likishatumika halitumiki tena, hata ukilifuta. Sharti namba ibadilike. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2004. Mimi nilitoa toleo 0.1.1 kabla ya magharibi, na nakiri kwamba nilijiona hodari.

Wiki ya pili, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikuja ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, umekifungua kile kifurushi cha chanzo?" Sikuwa nimekifungua. Chombo nilichokitumia huchukua kila kilichomo katika folda ya kazi, isipokuwa kile ulichoagiza kiachwe, na mimi sikuwa nimeagiza chochote. Pamoja na kanuni za silabi, lilikuwamo faili la kazi yangu ya uwandani katika kijiji kimoja cha kusini Unguja: wazee kumi na wanne, majina yao matatu-matatu, umri, namba za simu, na maneno niliyowarekodi wakiyatamka. Wote niliwaahidi kwa mdomo wangu kwamba majina yao hayatatoka.

Nilianza kwa kufanya lililo jepesi. PyPI inaruhusu toleo liwekwe kando, yaani wanaosimika programu wasipewe ila wakilitaja kwa namba yake hasa. Mwanafunzi akanikumbusha, kwa adabu, kwamba kuliweka kando si kuliondoa. Faili liko palepale na yeyote anaweza kulichukua. Basi nikayafuta matoleo yote mawili, nikafuta na lile la mazoezi ambalo nilikuwa nimelisahau, nikatoa 0.1.2 lisilo na orodha ile. Lakini ghala lile lina nakala zake kwenye mitambo ya watu wengine, na waliokwisha kupakua wamepakua. Naielewa sababu ya ghala kuwa zito wa kusahau. Mwezi Machi 2016, kwa upande wa npm, mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake kwa sababu ya ugomvi wa jina. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari kumi na mmoja tu, na miradi mingi mikubwa iliyokitegemea ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Baada ya hapo npm iliubana uhuru wa kuondoa. Anayejenga juu ya kazi ya mwenzake ana haki ya kuikuta kesho. Ila bibi wa kijijini hakujenga chochote juu ya kazi yangu. Ni mimi niliyejenga juu ya maneno yake.

Nilivuka kwenda Unguja Jumamosi iliyofuata. Sikuona namna ya kulisema jambo hili kwa simu, kwa namba zilezile nilizozimwaga. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Wengi walinisikiliza kwa upole ulionikera nafsi yangu mwenyewe kuliko matusi. Bibi mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliuliza jina lake limefika wapi. Nikamwambia, Ulaya, Marekani, popote penye kompyuta. "Na mie hata Mombasa sijafika," akasema, kisha akaacha kucheka. "Wakinipigia simu watu nisiowajua, mwanangu, nitakwambia wewe." Nikamwachia namba yangu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee ambaye ndiye aliyenipa tofauti ya barabara: barabára anapotaja njia, barábara anaposema jambo limekwenda sawasawa, mkazo ukiwa mahali ambapo kanuni yangu haikuutarajia. Nilipokwisha kumwomba radhi na kumhakikishia kwamba jina lake limefutwa, alikasirika.

"Jina lako umelifuta?"

"La, Mzee. Mimi ndiye mwandishi."

"Na maneno ni ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo jibu nililonalo halinitoshi. Ahadi ya kutotaja majina nilikuwa nimeiandika mimi, kwa kufuata desturi ya taaluma, na nikawasomea wote kwa pamoja barazani; sikumwuliza hata mmoja peke yake kama aliitaka. Nimewahi kukaa katika kamati zinazopitisha fomu za namna hiyo, na sikumbuki hata moja iliyokuwa na nafasi ya mtu kusema, nitajeni.

Nilirudi mara mbili zaidi, safari hii na karatasi kumi na nne, kila mtu na yake. Kumi na mmoja walitaka wabaki bila kutajwa, akiwamo yule bibi. Watatu walitaka majina yao, lakini si simu wala umri. Toleo 0.2.0 lina faili fupi la shukurani lenye majina hayo matatu, la yule mzee likiwa la kwanza kwa sharti lake mwenyewe. Safari hii nilivifungua vifurushi vyote viwili, faili baada ya faili, mwanafunzi wangu akiwa ameketi kando akihesabu, kisha nikaandika ule mstari wa tatu.