"Malaika" ni ya nani?

Uliza mashabiki wa rock ni nani aliandika "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ngoma ya 1975. Jibu ni moja: Freddie Mercury, yule jamaa aliyezaliwa Zanzibar 1946. Sasa uliza wazee wetu ni nani aliandika "Malaika". Tafuta kiti kwanza.

Wengi watakuambia Fadhili William, jamaa wa Taita, kwa sababu rekodi yake ya miaka ya 60 ndiyo ilivuma. Wengine watasema Adam Salim. Wengine, Grant Charo. Miriam Makeba akaiimba, Boney M wakaiimba, dunia nzima ikaijua. Fadhili alifariki 2001 na ubishi bado uko.

Kinachoniuma zaidi: huu ni wimbo wa kijana anayependa msichana lakini hana doh ya kumuoa. Wimbo wa msoto! Na bado hatujakubaliana jasho lilikuwa la nani.

Hapa Makina mabeshte wanarekodi kwa keja. Mmoja ameandika korasi, mwingine ametengeneza biti, halafu ngoma inatupwa WhatsApp bila jina la mtu. "Tutaongea ikivuma." Wapi! Ikivuma ndiyo kila mtu atakumbuka vyake.

Andikeni kabla hamjaiachilia: nani maneno, nani biti, kila msee asilimia ngapi. Karatasi moja, sahihi zote. Urafiki hauvunjwi na karatasi, unavunjwa na doh.