Kizuri Nacho Huhitaji Shahidi

Nilifika Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Evanston, kaskazini ya Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kusomea shahada ya uzamivu katika historia. Nyumbani Tanzania Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini sukari na sabuni zilikuwa adimu madukani. Hata hivyo, mhitimu wa chuo kikuu hakuhangaika kutafuta kazi. Serikali ilimsomesha, kisha ikampangia kituo. Yeye alisubiri barua tu.

Northwestern ni chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1851, ufukweni mwa Ziwa Michigan. Masomo ya Afrika yalikuwa na mizizi pale tangu 1948, Melville Herskovits alipoanzisha programu yake, na maktaba yenye jina lake ilinishangaza kuliko baridi yenyewe. Humo nilisoma vitabu vya Kiswahili ambavyo nyumbani sikuwahi kuvitia machoni. Mwaka wa masomo uligawanywa kwa robo, kila moja kama wiki kumi. Hujakaa sawasawa, mtihani huu hapa. Tulisoma usiku, mchana tukafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Tasnifu ilipokaribia kwisha, msimamizi wangu aliniuliza nimejiandaaje kutafuta kazi. Sikuwa na jibu, akanituma kwenye ofisi ya ajira. Nilipokewa na mama wa makamo, akausoma wasifu wangu polepole, penseli mkononi. Nilikuwa nimeandika kwamba tulikusanya simulizi za wazee wa Kilwa.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Peke yangu."

"Nani aliwatafuta hao wazee? Nani alisikiliza kanda na kuziandika neno kwa neno?"

"Mimi."

Akaifuta "sisi," juu yake akaandika "mimi."

Nilimweleza kwamba kwetu mtu hajipigii debe. Nimelelewa kwa methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena simulizi zile ni mali ya wazee walionikaribisha barazani kwao. Kusema "mimi" kulinikaa vibaya mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sikuambii ujisifu. Nakuambia utoe ushahidi. Atakayekuajiri hakuwepo Kilwa."

Tangu hapo ofisi ile ikawa kama darasa jingine. Ilinifungulia faili la barua za mapendekezo. Maprofesa waliziandika, ofisi ikazitunza kwa siri na kuzituma kila nilikoomba kazi. Walimu wa idara waliacha shughuli zao wakanifanyia usaili wa majaribio. Walinibana kwa maswali, kisha wakanionyesha palipolegea.

Maneno ya yule mama yalipata uzito zaidi kwa yaliyokuwa yakimpata Dennis Brutus, mshairi wa Afrika Kusini aliyekuwa profesa pale tangu 1971. Alifungwa kisiwani Robben, akapigania makaburu wafungiwe milango ya Olimpiki. Alizaliwa Rhodesia na alitumia pasipoti ya Uingereza, na Rhodesia ilipopata uhuru na kuwa Zimbabwe mwaka 1980 hati zake zikaingia matatani, serikali ya Marekani ikataka kumwondoa nchini. Kama kuna mtu ambaye matendo yake yangetosha kumsemea, ni yeye. Hayakutosha. Ilibidi watu wasimame, waandike na waeleze ni nani huyu na kwa nini maisha yake yangekuwa hatarini. Mwaka 1983 akapewa hifadhi ya kisiasa.

Nilirudi nyumbani kufundisha, na zama za kupangiwa kazi zikapita. Kwa miaka mingi nimewaona vijana wetu wakihitimu na kuingia mitaani na bahasha za vyeti, wakijua kazi yao barabara lakini hawajui kuieleza. Aliyefanya utafiti kijijini mwezi mzima anaandika mstari mmoja tu, tena kwa aibu. Nimekaa na wengi wao mmoja mmoja, nikiwauliza maswali yale niliyoulizwa Evanston.

Lakini jambo hili halifai kuachiwa hisani ya mwalimu mmoja mmoja. Kila chuo kinachopokea ada ya kijana kina deni la kumwekea mtu wa kuketi naye, kusoma wasifu wake kwa makini na kumtafutia walimu wa kumshuhudia. Unyenyekevu wetu ni tunu, tuutunze. Ila tumfundishe kijana kwamba kusema kweli juu ya kazi ya mikono yake si majivuno.