Bonn, mji wa jani lisilolowa

Wiki hii tunatua Bonn, Ujerumani. Ni mji mtulivu kando ya mto Rhine. Beethoven alizaliwa hapa mwaka 1770, na serikali ya Ujerumani Magharibi ilikaa hapa. Mwaka 1999 Bunge na wizara nyingi vikahamia Berlin, mji ukabaki na wanafunzi na maprofesa wake.

Ukishuka stesheni, tembea kidogo mpaka kasri la Poppelsdorf. Hapo ndipo ilipo bustani ya mimea ya Chuo Kikuu. Watu hufurika likichanua ua la kutoka Sumatra linalonuka mzoga. Mwaka 2003 moja lilifika mita 2.74, si mchezo! Na ua hilo, usishangae, ni ukoo mmoja na magimbi yetu.

Lakini leo tumefuata majani. Profesa Wilhelm Barthlott, aliyeiongoza bustani hii kwa miaka mingi, alianza miaka ya 1970 kuchungulia majani kwa darubini ya elektroni. Akaona kioja: majani laini yalikuwa na vumbi mpaka yasafishwe, ila yenye vipele yalikuwa safi tayari! Bingwa wao ni lotasi, yungiyungi la Asia. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Christoph Neinhuis wakatoa maelezo kamili.

Siri yenyewe ni vipele vidogo mno, na juu yake vijinyuzi vya nta vya kupimwa kwa nanomita. Unywele mmoja tu una unene wa nanomita kama 80,000, basi piga hesabu mwenyewe. Tone la maji hukaa juu ya ncha za vipele, halishiki, linabingirika na kuzoa vumbi. Huna haja ya nauli ya Ulaya kuliona hilo: mwagia maji jani la mgimbi.

Wenye viwanda vya nguo wakachangamka. Kitambaa huchovywa kwenye dawa yenye chembe hizo, kinakamuliwa, kisha kinapitishwa kwenye joto ili ishike. Chai ikimwagika, unakung'uta tu. Wengine wakatia chembe za madini ya fedha kwenye soksi ili kuua bakteria wanaoleta harufu. Wengine wakatia oksidi ya zinki ili kuzuia mionzi ya jua.

Tatizo ni hili: jani ni kitu hai. Nta ikikwanguka, linatoa nyingine. Koti haliwezi. Kila ukilifua na kulisugua, dawa inapungua. Mwaka 2008 watafiti wa Arizona State, Marekani, walisukasuka soksi za namna hiyo kwenye maji. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote kwa kufuliwa mara nne tu. Na ikitoka inaenda wapi? Kwenye maji machafu, halafu mitoni.

Isitoshe, nguo nyingi zisizolowa zilitiwa kemikali za florini zisizooza. Moja yake, PFOA, ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2019, ingawa matumizi machache yaliachiwa muda. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuzuia kemikali za jamii hiyo kwenye nguo kuanzia Januari 2026.

Sasa yanatuhusu nini? Makoti ya Ulaya yanaishia kwenye mitumba yetu, bwana! Ukilishika moja pale Karume, muuzaji akaapa kwamba haliingizi maji, usibishane naye. Dondoshea maji begani na kwenye viwiko, ndipo dawa huisha kwanza. Tone likibingirika, lipa. Likinywewa, hilo ni koti la kawaida, na bei iwe ya kawaida. Ukifika nalo nyumbani, lifue kwa sabuni kidogo, suuza sana, wala usitie ile dawa ya kulainisha nguo, maana inaharibu kazi yote.

Wiki ijayo tutapanda treni kwenda kwingine. Kwaherini!