Jina Kwenye Tangi

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Makala zangu nyingi hazina jina langu. Mteja analipa kwa neno, anaweka jina lake, tumemalizana. Mama kila Jumapili kwa simu: "Sasa hizo unazoandika tutazisoma wapi?"

Juzi mteja mmoja wa Marekani, muuzaji wa pikipiki kuukuu, alitaka makala kuhusu Indian Four. Pikipiki ninayoijua mimi ni boda ya hapa Githurai, silinda moja, kelele tele. Hii ina silinda nne, zimepangwa mstari kutoka mbele hadi nyuma, kama abiria watatu waliobanana nyuma ya mwenye boda. Na ni vilevile: wa mbele anapata upepo, wa nyuma anaiva. Joto la silinda za nyuma liliwasumbua mafundi miaka na miaka. Lakini injini yenyewe ilinguruma laini, na ndiyo watu waliyoilipia.

Nilidhani Indian ndio walioibuni. Wapi! Mizizi yake ni William Henderson wa Detroit, aliyeanza kuuza pikipiki za silinda nne na ndugu yake Tom mwaka 1912. Mwaka huohuo Carl Stearns Clancy alipanda moja akaanza kuzunguka dunia. Mwaka 1917 kampuni ikauzwa kwa Ignaz Schwinn wa Chicago, jina likaenda nayo. William alifanya kazi huko kidogo, akatoka 1919. Schwinn aliendelea kutengeneza Henderson hadi 1931, Henderson mwenyewe hayupo.

Yeye alianza upya Philadelphia. Jina lake lilishauzwa, kwa hiyo pikipiki akaiita Ace. Desemba 1922, akijaribu Ace mpya barabarani, aligongwa na gari akafa. Mwaka 1927 Indian wakainunua Ace, wakaipeleka Springfield, Massachusetts. Kwanza iliitwa Indian Ace, halafu Ace likafutwa. Waliiunda hadi 1942.

Henderson nilimweka aya ya kwanza. Mteja alimtoa: wanunuzi wanatafuta Indian, huyo ni nani? Alikata maneno mia mbili na hakuyalipa, na sikubishana kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Maneno yenyewe ni haya, zaidi kidogo. Mama, hii soma hapa. Jina langu liko juu.